Saa 48: Fedha za Dhahabu na Mkosoaji wa Jirani



Nilipoombwa kuandaa mada hii nilitakiwa nizungumzie Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Nitaigusa, ila si kwa kirefu, kwa sababu naona tunaiogopa kupita kiasi na kusahau kilicho karibu nasi zaidi. Katika ukanda huu wa dhahabu, kuanzia Kahama na Msalala hadi Katoro, Nyarugusu na Geita mjini, ni wachache sana wanaonyamazishwa na hukumu ya mahakama. Wengi hunyamazishwa kabla jalada halijafunguliwa, na anayewanyamazisha ni mtu wanayekutana naye sokoni.

Jambo hili ni la zamani kuliko mitandao ya kijamii. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, wakati huo ikiwa wilaya ya Kahama, ili kuipisha Kahama Mining, kampuni tanzu ya Sutton Resources ya Kanada. Zikaenea tuhuma kwamba wapo waliofukiwa wakiwa hai mashimoni. Serikali na kampuni wakakana. Wanasheria wa LEAT, shirika la kutetea mazingira, Tundu Lissu na Rugemeleza Nshala, walichodai ni uchunguzi huru. Novemba 2001 polisi wakapekua ofisi yao Dar es Salaam, na baadaye yakafuata mashtaka ya uchochezi. Angalieni mfuatano huo: uchunguzi uliombwa juu ya mashimo, ukafanywa juu ya waliouomba.

Siku zile kumkosoa mwenye mamlaka kulihitaji wanasheria, kanda za video na ofisi Dar. Leo dereva wa bodaboda wa Katoro mwenye bando la siku moja anaweza. Ndiyo maana mkono wa kuziba midomo nao umelazimika kushuka hadi ngazi ya kata.

Sasa tuje kwenye fedha. Kwa miaka mingi migodi mikubwa ililipa halmashauri dola 200,000 kwa mwaka, mgodi upate usipate, kwa mujibu wa mikataba iliyosainiwa mbali na huku. Baadaye tukarudi kwenye ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mauzo. Fanyeni hesabu wenyewe: mgodi ukiuza dhahabu ya dola milioni 500, halmashauri inapata dola milioni 1.5. Hapohapo marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017 yakautaka kila mgodi uwe na mpango wa kila mwaka wa uwajibikaji kwa jamii, unaokubaliwa na halmashauri. Mwaka 2018 makubaliano ya Mgodi wa Dhahabu wa Geita (GGM) na halmashauri za Geita yalifikia shilingi bilioni 9.2. Ongezeni masoko ya madini yaliyoanza Geita Machi 2019, ongezeni na mgao wa kijiji kila rashi, yaani wimbi la wachimbaji kwenye machimbo mapya, inapolipuka, pale mwenye shamba, mwenye duara (shimo) na uongozi wanapogawana mifuko ya mawe.

Fedha ya namna hii haipigwi kama zinavyopigwa fedha za mikataba mikubwa. Inapigwa kwa saruji na mabati. Makisio ya gharama yanapandishwa, zabuni anapewa shemeji, jengo linaishia kwenye lenta, kisha bango la mradi linang'olewa usiku. Mkaguzi Mkuu, ripoti yake ikitoka kila Aprili, hutaja halmashauri na kiasi. Mtu anaweza kuisoma ripoti hiyo hadharani asiulizwe na yeyote. Hatari inaanza anapoichukua tarakimu na kuipeleka kwenye jengo.

Chukulieni kijana anayesimamia kundi la WhatsApp la kata. Anapiga picha zahanati isiyo na paa, anaandika chini yake kiasi kilichotengwa na kuuliza: zimeenda wapi? Hajamtukana mtu wala hajamtaja Rais. Lakini katika kundi hilo wamo mtendaji wa kata, mkandarasi na mke wa mkandarasi. Jioni anapigiwa simu aende ofisini "kwa mazungumzo". Simu yake inabaki mezani, yeye anapelekwa mahabusu kwa amri ya mkuu wa wilaya. Jumapili anatoka bila shtaka. Mama yake anamwambia maneno ambayo hakuna wakili wa serikali angeyasema vizuri hivyo: mwanangu, achana na mambo ya watu.

Silaha iliyotumika hapo ni Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, inayowapa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48. Inakusudiwa kwa mtu anayetishia kuvunja amani, pasipo njia nyingine ya kumzuia. Inamtaka mkuu aandike sababu na nakala ifike kwa hakimu. Zaidi ya hapo, inasema anayetumia vibaya mamlaka hayo ametenda kosa. Selemani Jafo alipokuwa waziri wa TAMISEMI aliwaonya wakuu hawa hadharani. Kwangu mimi, onyo la waziri ni ungamo kwamba vipengele vile vya ulinzi havifanyi kazi. Saa 48 hazina hukumu ya kukatia rufaa, na mtu akishatoka hana tena cha kuiambia mahakama ila kwamba alilala sakafuni.

Sheria za mtandao kazi yake ni kukoleza hofu hiyo. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamwekea anayechapisha taarifa za uongo faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kanuni za maudhui za 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe shilingi 100,000 za ombi, milioni 1 ya leseni na milioni 1 nyingine ya ada ya mwaka. Ada zilipunguzwa baadaye, lakini blogu kadhaa za mikoani zilikuwa zimeshafungwa. Maxence Melo wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums alipandishwa kizimbani Desemba 2016, na Aprili 2020 akatiwa hatiani kwa kuzuia upelelezi, kisa hakutoa taarifa za waliomwamini. Mwaka 2025 mtandao wa X ulizibwa mwezi Mei, JamiiForums ikasimamishwa siku 90 mwezi Septemba, na Oktoba 29, siku ya uchaguzi, intaneti yenyewe ikazimwa. Kijana wetu wa zahanati anayaona yote haya, na mtendaji anajua kwamba anayaona. Hahitaji kumsomea kifungu.

Waheshimiwa madiwani, nyie si watazamaji. Septemba 2017 wenzenu wa Geita walifunga njia za mgodi wakidai malimbikizo ya zaidi ya dola milioni 12, na baadhi yao wakakamatwa. Mnajua mahabusu ikoje. Basi inashangaza diwani huyohuyo akimwita mchochezi mwananchi anayeuliza fedha za mgodi zilijenga nini, wakati Sheria ya Madini inaitaka halmashauri iwaelimishe wananchi kuhusu miradi ya uwajibikaji kwa jamii. Kijana aliyebandika tarakimu chini ya picha amefanya kazi yenu, bila posho.

Kwetu waandishi nina pendekezo moja. Mtu akiwekwa ndani kwa amri ya mkuu wa wilaya, tusikimbilie kumuuliza mkuu kwa nini. Twende kwa karani wa mahakama tuulize kama sababu za maandishi zimefika kwa hakimu, lini na saa ngapi. Wakati huohuo tuombe makisio ya mradi uliopigwa picha kwa kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayotoa siku 30 za kujibu. Tukipata majibu yote mawili, au tukinyimwa yote mawili, tuyachapishe bega kwa bega na picha ileile ya zahanati.

Niko tayari kwa maswali, hasa ya waheshimiwa.