Usimamizi wa Miradi ni Suala la Haki



Tumeombwa tuseme juu ya mwenendo wa msimamizi bora wa mradi. Huenda mlitazamia tuanze na vitabu vya hesabu. Hivyo ni vya lazima, wala hatutasema zaidi, kwa kuwa kamati isiyo na daftari la mapato na matumizi haina la kujitetea. Sisi tutaanza na ugonjwa wa ndui.

Mwaka 1967 Shirika la Afya Duniani lilianza juhudi kubwa za kuutokomeza ugonjwa huo, zikiongozwa na Daktari Donald Henderson wa Marekani. Wengi walidhani kwamba sharti achanjwe karibu kila mtu. Lakini mwishoni mwa mwaka 1966, mashariki mwa Nigeria, daktari kijana, William Foege, alijikuta na chanjo chache mno. Hakuketi akilaumu bohari. Aliwaomba wamisionari waliokuwa na redio za mawasiliano watume watu vijijini kuuliza: mgonjwa yuko wapi? Kisha wakachanja pale palipokuwa na wagonjwa na kandokando yake. Njia hiyo ikaja kutumika katika nchi nyingi. Angalieni: aliuliza kabla ya kutenda, tena aliwauliza walio karibu na mgonjwa.

Hapa yatupasa kukiri kosa letu. Katika parokia moja tuliyoitumikia, sisi mapadre na kamati ya wanaume watupu tulichimba kisima. Pampu tuliiweka kando ya barabara, ili wageni waione. Hatukumwuliza hata mama mmoja achotaye maji. Baada ya miezi michache mpini ukaanza kulegea. Fundi alijua, akanyamaza, kwani yule aliyetangulia kuleta habari mbaya kikaoni tulimkaripia mbele ya watu. Basi pampu ikafa kwa kukosa kifaa cha bei ndogo, nao akina mama wakarudi bondeni na ndoo zao. Tulipowauliza mbona hawakusema, mmoja akatujibu kwa upole, "Baba Paroko, mlituuliza lini?" Fedha zile zilikuwa sadaka za watu, nyingine zimetoka kwa wajane. Hatukuiba hata senti, lakini waliodhulumiwa walikuwapo.

Turudi kwenye ndui. Mtu wa mwisho kuambukizwa kwa njia ya kawaida, Ali Maow Maalin, aliugua Oktoba 1977 huko Merca, Somalia. Alikuwa mpishi wa hospitali, mahali ambapo ungetegemea kila mtumishi awe amechanjwa. Yeye aliogopa sindano, akaushika mkono wake kana kwamba amekwisha chanjwa. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba taarifa ya kikao haitoshi. Msimamizi aende akautazame mkono. Wale wasimamizi hawakuficha aibu hiyo. Waliwatafuta wote waliokutana naye, upekuzi ukaendelea, na ni Mei 1980 tu ndipo ushindi ulipotangazwa.

Maalin mwenyewe alipona. Miaka mingi baadaye alijitolea katika chanjo ya polio nchini mwake, akiwasimulia wazazi habari za woga wake, hadi alipofariki mwaka 2013.

Kabla ya kikao kijacho, kila kamati imwendee mtu mmoja autumiaye mradi wake, na ambaye hajawahi kuitwa kikaoni. Jibu lake liandikwe kama alivyolisema, hata likituhusu sisi mapadre.