Mshale wa Joto Nao ni Shahidi: Upimwe Kwanza

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi letu)



Wazee wetu waliokuwa wakiendesha injini za moshi hawakuamini kioo cha maji kwa kukitazama tu. Walifungua bomba zake kwanza, maji na mvuke vipite, ndipo wakajua kama kioo kinasema kweli. Sisi wa malori ya zamani ya petroli tumeisahau desturi hiyo, na kwa sababu hiyo ndugu yetu mmoja alikuwa karibu kukatwa mshahara.

Lori lake lilikuwa na makosa mawili. Mshale wa geji ya joto ulipanda mpaka kwenye alama nyekundu. Tena lori likisimama, injini ilitetemeka na kutaka kuzimika. Mkubwa mmoja akaandika kwamba dereva ameiunguza injini, basi akatwe gharama. Tukaomba siku moja tulipime.

Kwanza tuliacha injini ipoe. Ndugu, msifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto. Maji yataruka na kuwaunguza uso. Ilipopoa tulikuta maji yamejaa. Jambo hili litangulie siku zote, kwa maana maji yakipungua sana, kile kifaa cha kupima joto kilichofungwa kwenye injini hubaki hewani, na mshale waweza kushuka huku injini inaungua.

Pili, tuliwasha injini kifuniko kikiwa wazi, tukatia kipimajoto cha kioo mdomoni mwa rejeta. Injini ilipopata moto na maji kuanza kuzunguka, kilisoma digrii 84. Mshale ulikuwa kwenye nyekundu. Hapo tukajua kwamba shahidi wetu ni mwongo.

Tatu, tulichomoa ule waya mmoja kwenye kile kifaa. Kwa geji ya umeme ya namna hii, mshale ulipaswa kurudi kwenye baridi. Haukurudi. Basi kosa lilikuwa katika waya wenyewe. Tuliufuata kwa vidole, tukaona ngozi yake imelika na shaba inagusa chuma. Injini ilipotetemeka, waya uligusa, na mshale ukapanda.

Je, injini ilitetemeka kwa nini? Wengi wetu hapa hushika bisibisi na kukaza skrubu ya kabureta mpaka injini ingurume kwa nguvu. Sisi tulizuia magurudumu kwa magogo, kisha tukabana mipira ya hewa mmoja mmoja. Tulipobana ule uendao kwenye breki, karibu na injini, injini ikatulia. Mpira ulikuwa umepasuka, nayo injini ilikuwa ikivuta hewa isiyotakiwa.

Ndugu, mpira huo ndio unaoisaidia breki. Kama tungalikaza skrubu tu, kutetemeka kungalipungua, na dereva na utingo wake wangalishuka mlima wakiwa na breki nzito.

Mpira ulibadilishwa, waya ukafungwa utepe na kuwekwa mbali na chuma. Injini haikuwa imeungua hata kidogo.

Sasa jambo la chama. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Waya uliolika kwa uzee si kosa la makusudi la dereva. Lakini tusipopima, tutajibu nini?

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kosa la lori liandikwe kitabuni siku ile ile lionekanapo. Lori lipimwe kabla ya mtu kulaumiwa. Na mtu asitie sahihi karatasi ya kukubali kosa kabla ya kumwita mwakilishi wa chama.

Umoja ni nguvu.