Urefu Pekee Hautoshi
Msikilizaji wa Olenguruone, ukimwona kijana mrefu uwanjani, usikimbilie kumtabiria makuu katika mpira wa vikapu. Mwaka 2009, Memphis Grizzlies ya NBA ilimteua Mtanzania Hasheem Thabeet akiwa wa pili, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Urefu wake ulipita mita 2.2, lakini mwaka uliofuata alishushwa kwa muda hadi ligi ya chini. Khaman Maluach, mchezaji aliyekulia Uganda na kuteuliwa wa 10 katika NBA mwaka 2025, naye tusimpime kwa msimu mmoja. Tutazame miguu yake, maamuzi yake anapobanwa, na hamu yake ya kujifunza. Vijana wetu nao tuwape kocha, uwanja na muda. Kipaji hulelewa.