Mvua ni Qadar, Tuta Kupasuka ni Uzembe



Vijana wenzangu, dada zangu na kaka zangu, leo sizungumzii siasa za uchaguzi wala kesi ya mahakamani. Nazungumzia bwawa dogo. Lile tuta la udongo lililoko juu ya mtaa, lililojengwa kuzuia mafuriko, ambalo watoto hulipanda wakicheza na mbuzi hulipita kila jioni. Tumelizoea hadi tunadhani ni kilima. Si kilima. Ni kazi ya mikono ya binadamu, na kazi ya mikono huchakaa.

Tuanze na Derna, kwa sababu wengi wenu mnaikumbuka. Usiku wa kuamkia 11 Septemba 2023, mji huo wa mashariki mwa Libya ulisombwa. Tuliona video, tukalia, tukaomba dua, tukachanga. Lakini ni wangapi kati yetu waliuliza: ilikuwaje?

Derna imekatwa katikati na bonde ambalo sehemu kubwa ya mwaka huwa kavu. Ndugu zetu wa Wajir na Mandera wanalijua bonde la aina hiyo, wao huliita laga. Likiwa kavu unalivuka kwa miguu, likija maji halimtambui mtu. Ili kuulinda mji, miaka ya 1970 kampuni ya Yugoslavia ilijenga mabwawa mawili ya udongo na mawe. La juu, Bu Mansur, lilikuwa na uwezo wa kushika takriban mita za ujazo milioni 22.5. La chini, Al-Bilad, dogo zaidi, milioni 1.5 tu, nalo lilikuwa mlangoni mwa mji.

Baada ya hapo, miaka ikapita. Mwaka 2007 kandarasi ya ukarabati ilitolewa. Kazi ikaanza 2010, na 2011 vita vilipozuka ikasimama. Ripoti ya wakaguzi wa hesabu wa Libya ya 2021 ilisema zaidi ya yuro milioni 2 zilitengwa mwaka 2012 na 2013 kwa matengenezo, na kazi haikufanyika. Mwaka 2022 mtaalamu wa maji wa Libya, Abdelwanees Ashoor, aliandika wazi kwamba mafuriko makubwa yakija, watu wa Derna wako hatarini. Mwaka uliofuata ikaja dhoruba iliyopewa jina Daniel. Mji wa Al-Bayda, jirani na Derna, ulipata milimita 414 za mvua kwa siku moja. Hiyo ni zaidi ya mvua ambayo Garissa hupata katika mwaka wa kawaida.

Bwawa la juu likaachia. Maji yote yakalishukia la chini, nalo likaenda. Maelfu ya watu walikufa na maelfu wengine hawakuonekana. Julai 2024 mahakama ikawahukumu maafisa 12 vifungo vya jela. Hukumu hiyo ni haki, lakini haikumrudisha mtoto wa mtu.

Sasa kuna mwenye kusema, "Ile ilikuwa qadar ya Mwenyezi Mungu." Naam, mvua ni qadar, hakuna anayebisha. Na kweli mvua ile ilikuwa kubwa mno, pengine hata bwawa zima lingelemewa. Lakini fedha kutengwa na kazi isifanywe, hiyo tusimsingizie Mola. Bwawa linalotunzwa lina mtu wa kulitazama. Mtu huyo akiona maji yanapanda, atapiga simu, msikiti utatangaza kwa spika, watu watahama. Usiku ule Derna, wengine waliambiwa wahame na wengine waliambiwa wakae majumbani. Uzembe haukuanza usiku ule. Ulianza miaka mingi nyuma, mezani, kwenye karatasi.

Msidhani ni mambo ya mbali. Tarehe 9 Mei 2018, huko Solai, kaunti ya Nakuru, bwawa la shamba la mtu binafsi lilipasuka usiku na kuua watu wasiopungua 47, wengi wao wanawake na watoto. Baadaye wasimamizi wa maji wa serikali wakasema mabwawa ya shamba lile hayakuwa na vibali. Jiulize: bwawa la ukubwa ule halifichiki kama simu mfukoni. Lilikuwa juu ya kilima, kila mtu analiona. Kwa nini kibali kilitafutwa baada ya mazishi?

Na usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024, Mai Mahiu, maji yalishuka na kubeba nyumba na watu. Habari za kwanza zilisema ni bwawa limepasuka. Maelezo ya baadaye yakawa mengine: njia ya maji chini ya reli ilizibwa na takataka, matope na magogo, maji yakajaa nyuma ya tuta la reli, kisha yakatoboka kwa nguvu. Hapo pana funzo kubwa. Tuta lolote lenye njia ya maji iliyoziba linaweza kugeuka bwawa, hata kama hakuna aliyekusudia.

Sasa tuelewe linavyofanya kazi, maana huwezi kudai usichokijua.

Bwawa la kuzuia mafuriko linafaa likiwa tupu. Hapo ndipo watu wengi hukosea. Tukiliona limejaa tunafurahi, tunasema alhamdulillah, mifugo itakunywa, mboga zitamwagiliwa. Lakini bwawa lililojaa kabla ya mvua kubwa halina nafasi ya kupokea mafuriko. Ni sawa na kukinga ndoo iliyojaa chini ya bomba. Ndiyo maana huwekwa bomba au lango chini ya tuta, ili maji yatoke polepole baada ya kila mvua. Mchanga na matope yakijaa ndani, nafasi hupungua vilevile, hata kama kwa nje tuta linaonekana zima.

Pili, kila bwawa lina njia ya pembeni ya kupitisha maji yanayozidi. Njia hiyo ndiyo roho ya bwawa. Tuta la udongo halikuumbwa lipitiwe na maji juu yake. Yakishapita juu, yanaumega udongo, ufa unakuwa mfereji, na kwa muda mfupi hakuna tuta tena. Kwa hiyo anayeweka magunia ya mchanga kwenye njia ile ili maji yabaki mengi, anayejenga kibanda pale, anayetupa taka pale, anacheza na roho za watu walioko chini.

Tatu, kuna dalili ambazo yeyote mwenye macho anaweza kuziona. Miti mikubwa iliyoota juu ya tuta: mizizi yake ikifa na kuoza huacha matundu. Mashimo ya panya na mchwa. Njia za ng'ombe zilizochimba bonde juu ya tuta, kwa sababu sehemu iliyoshuka ndiyo maji yatakayoipita kwanza. Nyufa ndefu na udongo uliobonyea. Na iliyo kubwa kuliko zote, maji yanayovuja upande wa chini. Yakivuja masafi, ripoti yachunguzwe. Yakivuja yenye tope, usingoje kesho, kwa sababu tope lile ni tumbo la bwawa linatoka. Waondoe watu bondeni kwanza, barua zitafuata.

Dawa ya mengi katika haya si ghali. Ni panga la kufyekea, jembe, lori la udongo wa kujazia, na mtu wa kukagua kabla na baada ya kila msimu wa mvua. Ghali ni kuchimba makaburi.

Je, haki yetu iko wapi? Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizoko mikononi mwa serikali. Na hata zilizo kwa mtu binafsi, ikiwa unazihitaji kulinda haki yako. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Lakini sikilizeni hapa vizuri: ombi likihusu uhai au uhuru wa mtu, muda ni saa 48. Bwawa linalovuja juu ya mtaa ni suala la uhai. Liandikeni hivyo kwenye mstari wa kwanza wa barua.

Muulize nini? Mambo matano. Bwawa hili ni la nani? Lina kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji? Lilikaguliwa lini mara ya mwisho, na mkaguzi alisema nini? Bajeti ya matengenezo mwaka huu ni kiasi gani, na imetumika wapi? Likipasuka usiku, nani atatuambia, na tukimbilie upande gani? Pelekeni nakala kwa mamlaka hiyo, kwa idara ya maji ya kaunti, kwa chifu na kwa mwakilishi wadi. Wekeni nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Wakinyamaza, pelekeni malalamishi ofisi ya Ombudsman. Kilio cha mdomo hupotea, lakini barua yenye mhuri na tarehe hubaki.

Tusiwaachie maafisa peke yao. Kila mtaa ulio chini ya bwawa uwe na vijana wawili watatu wa kulizunguka kila wiki msimu wa mvua, wapige picha zenye tarehe kutoka sehemu zilezile, ili mabadiliko yaonekane. Tusafishe mitaro yetu wenyewe kabla ya kumlaumu mtu. Na wazee wetu waliojenga ndani ya bonde, tuwaeleze kwa adabu. Wengi hawakwenda pale kwa kupenda, walikosa pengine pa kujenga. Kwa hiyo msiruhusu mtu atumie usalama wa bwawa kama kisingizio cha kubomolea maskini usiku bila kuwapa pa kwenda.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye bwawa hutapata hata nafasi ya kujenga ukuta. Mvua za vuli haziko mbali. Wiki hii, baada ya Ijumaa, nendeni watu watatu juu ya tuta la kwenu, mtazame, mpige picha, mwandike barua.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, atuepushe na majanga, na atupe macho ya kuona ufa mapema.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.