Safari ya Pwani na Watoto Wadogo: Twende Polepole

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia vya Kitui na Makueni)



Leo hatukuja kuzungumza juu ya mabwawa ya mchanga wala mbuzi wa maziwa. Vikundi kadhaa vimetuuliza jinsi ya kupanga safari ya kwenda kuona bahari, na tulifurahi sana, kwa maana watu wanaochimba matuta mwaka mzima wanastahili kupumzika. Lakini katika daftari la kikundi kimoja tulisoma azimio lililotusikitisha: “Wenye watoto chini ya miaka mitano wabaki nyumbani.” Tukahesabu majina. Waliobakishwa walikuwa wanachama tisa, wote akina mama, na kila mmoja alikuwa amelipa mchango sawasawa na wengine. Jamani, huo ni mwethya gani, ambao mmoja anapalilia na mwingine anakula?

Hata hivyo hatuwezi kuwalaumu sana, kwa sababu sisi wenyewe ndio tuliowafundisha vibaya. Miaka iliyopita tulipanga safari ya kikundi kingine, na ratiba tuliiandika sisi ofisini, tukajisifu. Basi liliondoka saa tatu usiku. Saa kumi na mbili asubuhi tuko Mombasa, saa mbili Fort Jesus, saa nne feri ya Likoni, saa sita baharini, saa kumi alasiri tunarudi. Watoto kumi na mmoja walikuwemo. Watano walitapika kabla ya Voi. Kule ufuoni msichana wa miaka minne alipotea karibu saa nzima, na kila mtu alidhani yuko na mwingine. Tulimkuta ameketi kwa muuza madafu, hana hata habari, huku mama yake hawezi kusimama kwa hofu. Mama mwingine alituambia wakati wa kurudi, “Mombasa nimeiona kupitia mlango wa choo.” Tulicheka, lakini lilikuwa neno la haki. Kosa halikuwa la watoto. Ratiba ilikuwa ya watu wazima wenye haraka.

Kwa hiyo tunalotaka kuwaambia leo ni hili: mtoto mdogo kuliko wote ndiye apewe kupanga mwendo wa safari. Akilala, mmepumzika. Akila kwa wakati, mmefika salama. Mkipanga namna hiyo hakuna mama wa kubaki, na hata wazee wataenda.

Kwanza, wakati. Wengi hutaja Desemba. Sisi tunasema Agosti. Shule zimefungwa, ndengu na maharagwe ya mvua za Machi yamekwisha kutoka shambani, na zile mvua za Oktoba tunazozitegemea sana huku kwetu bado hazijafika. Kule pwani mvua kubwa za Aprili na Mei zimepita, pepo za kusi zinavuma, na joto limepungua kuliko la Januari au Februari. Ni kweli kusi huleta mwani mwingi ufuoni na bahari huchafuka kidogo, lakini watoto hawajali mwani, watauchezea. Desemba shamba linadai palizi na vyumba vya pwani hupanda bei.

Tena Desemba mito yetu imejaa. Hatujasahau tarehe 4 Desemba 2021, kule Mwingi, basi lililobeba wanakwaya kwenda harusini lilipozama katika mto Enziu na watu zaidi ya 30 wakafariki, watoto wakiwemo. Mkienda mwezi wowote wa mvua, mkakuta mto umefurika, shukeni mrudi nyuma. Dereva akisema “maji ni kidogo,” msibishane naye mkiwa mmeketi ndani. Shukeni kwanza.

Sasa njia. Tangu Juni 2017 iko treni ya abiria kati ya Nairobi na Mombasa, na ile ya asubuhi, inayotoka Nairobi saa mbili, husimama Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani. Kwa mwenye watoto treni ni baraka: choo kipo, mtoto anaweza kusimama na kutembea, na Mombasa mnaingia mchana, si usiku wa manane. Ninyi wa Wote na Mbooni pandieni Emali. Ninyi wa Kitui, Mutomo na Ikutha barabara ya lami inawaleta hadi Kibwezi. Watu wa Mwingi wasijaribu kutoka nyumbani na kufika baharini siku hiyohiyo. Laleni Kibwezi usiku mmoja, watoto waoge, wale isyo ya nyumbani, waamke wakiwa na nguvu. Hicho ndicho kituo cha kwanza.

Tiketi hukatwa kwa simu, *639#, na hulipwa kwa M-Pesa. Kateni mapema, maana likizoni viti huisha haraka. Mtoto chini ya miaka mitatu hulipiwi, na wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu, lakini bebeni vyeti vya kuzaliwa, na kila mtu mzima kitambulisho chake. Nauli ilipanda mwaka 2024, basi msitumie bei mliyosikia kwa jirani, ulizeni upya. Mizigo hukaguliwa stesheni, kwa hiyo kisu cha jikoni kibaki nyumbani. Na stesheni ya Mombasa iko Miritini, si mjini. Agizeni matatu ya kuwapokea kabla hamjatoka, tena mpatane bei kwa simu.

Kituo cha pili ndicho cha mwisho. Najua mtashangaa. Tuliulizwa kwa nini tusiongeze mbuga ya Tsavo njiani, watoto wakaone ndovu. Watu wa Ikutha ndio waliotujibu: ndovu wamewaona wa kutosha ndani ya mahindi yao, hawalipi kiingilio kuwaona tena! Na dirishani mwa treni mtawaona bure wakipenda kutokea. Kila mahali mnapoongeza ni kufunga mizigo, kufungua mizigo, na mtoto kulala kitanda kipya. Tafuteni nyumba moja au ukumbi mmoja upande wa Kisauni au Bamburi, mlale hapohapo usiku tatu. Watu wetu wa Ukambani ni wengi Mombasa tangu zamani, tangu wazee walipokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu kwa miguu. Ulizieni kwa jamaa. Ila jamaa asilishwe mzigo wa watu thelathini, mpelekeeni unga, kuku na pesa ya maji.

Siku ya kwanza msifanye lolote. Kuleni, laleni, jioni mtembee ufuoni. Siku ya pili ni ya bahari. Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta pale Bamburi hauna kiingilio. Siku ya tatu, asubuhi tu, nendeni mjini: Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kisha feri ya Likoni, ambayo mwenda kwa miguu halipi. Tumeona watoto wakisahau ngome yote siku hiyohiyo, lakini feri wanaisimulia miaka. Kama muda hautoshi, acheni ngome.

Kuhusu bahari tusikilizane vizuri, kwa maana sisi ni watu wa mito ya mchanga. Maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele karibu dakika 50. Mwezi mpya na mwezi mpevu huleta bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Yakipwa mtaona miamba mbali, na watu watakwenda kutembea. Nendeni na viatu, kuna miiba ya urumbu, na mrudi kabla maji hayajageuka, maana hujaa nyuma yenu. Waulizeni wavuvi saa za siku hiyo, hawakosei.

Kisha ulinzi. Msiseme “sote tunaangalia watoto.” Sote ndiyo iliyompoteza yule msichana. Kila mtu mzima apewe watoto wawili kwa majina, wameandikwa daftarini, na akitaka kwenda msalani amkabidhi mwenzake kwa mdomo: “Nakuachia Mwende na Mutua.” Chaneni leso moja nyekundu, kila mtoto afungwe kipande mkononi, na nambari ya simu ya mamake iandikwe kwenye mkono kwa kalamu ya wino. Majini mtoto asipite magoti, na mtu mzima awe upande wa bahari, mtoto upande wa nchi kavu. Kati ya saa nne na saa tisa wakae kivulini.

Afya. Pwani ina malaria kuliko sehemu nyingi za kwetu, kwa hiyo kila mtoto alale ndani ya chandarua chake, mkibebe kutoka nyumbani. Maji ya kunywa yachemshwe. Chukueni pakiti za ORS, moja huyeyushwa katika maji safi ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na mtoto anayeharisha aendelee kunyonya. Jiandikisheni SHA na watoto wenu kabla ya safari, ile iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024. Na mtoto akipata homa katika mwezi mmoja baada ya kurudi, mpelekeni apimwe siku hiyohiyo na mseme, “Tulikuwa Mombasa.” Msisubiri.

Mwisho ni pesa. Msiguse mfuko wa mikopo, hata kama mwenyekiti anasema atarudisha. Fungueni ukurasa mpya. Mzazi akiweka shilingi 100 kila wiki kuanzia Oktoba, kwa wiki 40 atakuwa na shilingi 4,000 kabla ya Agosti. Asiyeweza 100 alete kuku au ndengu wakati wa mavuno, mweka hazina aziuze na kuandika. Sehemu moja ya kumi isiguswe, hiyo ni ya ugonjwa na gari la dharura. Ikibaki, mgawane mkirudi.

Kile kikundi cha azimio tulilolisoma walikutana tena Jumapili iliyopita. Wamelifuta kwa kalamu nyekundu, na wanataka kujua kama mtoto wa wiki sita anaweza kusafiri. Tumewajibu: hadi Agosti atakuwa ameanza kukaa. Mama yake apewe kiti cha dirishani.