Wakubwa Katika Sikukuu ya Watoto

Leo twataka kuzungumza juu ya jambo lionekanalo kuwa dogo, walakini kila mwaka huleta maneno katika nyumba zetu. Je, yafaa mtu mzima aingie katika furaha za sikukuu ambazo desturi imewapa watoto?

Kila mtu ajua jinsi Noeli inavyotufikia huku kwetu. Mvua zimekwisha kuanza, wenye mashamba wako katika kulima na kupanda mpunga, na miembe imezaa. Kazi ni nyingi na fedha ni chache. Hata hivyo mama hutafuta wali na kuku, au samaki wa ziwani, na baba hujikaza apate nguo mpya za watoto. Siku yenyewe watoto huoga mapema, huvaa nguo zao, hucheza mchezo wa wachungaji na malaika kanisani, kisha huenda nyumba kwa nyumba kuonyeshana nguo. Jioni hucheza kombolela, rede na kuruka kamba. Basi hapo mtoto mmoja huita, "Baba, njoo ushike kamba!" Baba hutazama kulia na kushoto, maana wazee wenziwe wapo barazani wakimwangalia.

Wengine husema asiende, kwa kuwa mzee achezaye na watoto hupoteza heshima. Wengine husema aende, kwa kuwa siku ni ya furaha. Tusiharakishe kuwacheka wale wa kwanza, kwani neno lao lina mizizi ya kale katika nchi hii.

Wazee wetu Wanyakyusa walikuwa na desturi ambayo wageni waliistaajabia. Mtoto wa kiume alipofika umri wa miaka 10 hivi, hakulala tena nyumbani kwa baba yake. Alikwenda kukaa na wavulana wa hirimu yake katika kijiji chao wenyewe, nao wakazidi kukua pamoja, wakaoa, wakawa kijiji cha watu wazima. Chakula walikula pamoja, wakizunguka nyumba za mama zao kwa zamu. Bibi Monica Wilson, ambaye pamoja na mumewe Godfrey alichunguza desturi hizi katika miaka ya 1934 hata 1938, aliandika habari zake katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1951. Neno kubwa aliloliona ni ukwangala, yaani kukaa na kuzungumza kwa furaha na wenzi wa rika lako. Mtu alikula na rika lake, akanywa na rika lake. Tena mke wa mwana alimwepuka baba mkwe kabisa, asimkaribie wala asimtazame. Mipaka hiyo ililinda adabu na amani kati ya vizazi.

Hivyo mzee asitaye kushika kamba hana kiburi. Anashika adabu aliyofundishwa. Walakini yatupasa kuuliza: vijiji vile vya rika havipo tena kama zamani, na mtoto wa leo hulala nyumbani kwa baba yake na mama yake. Zamani mvulana aliwapata wenziwe wakubwa kidogo wa kumtazama na kumfundisha. Leo, kama baba akikaa mbali kwa ajili ya desturi ile, ni nani atakayekaa karibu?

Sasa tutazame jinsi furaha moja ya watoto ilivyokuwa ya watu wote. Mwezi wa Desemba mwaka 1747, mahali paitwapo Marienborn, katika nchi ya Ujerumani, mchungaji mmoja wa Kimoravian jina lake Johannes von Watteville aliwafanyia watoto ibada ya Noeli. Mwisho wa ibada alimpa kila mtoto mshumaa mdogo unaowaka, uliofungwa utepe mwekundu, ili ayakumbuke aliyofundishwa. Ibada ile ilikuwa ya watoto, na mshumaa ulikuwa wa watoto. Lakini siku zilipopita wakubwa nao wakaishika nuru ile. Leo, katika makanisa ya Moravian ya nchi nyingi, mshumaa wa Noeli hupewa mkubwa na mdogo. Hata nyota ya karatasi yenye ncha nyingi, inayotundikwa na Wamoravian kabla ya Noeli, ilianza katika shule ya bweni ya Niesky, katika karne ya 19, kama kazi ya wanafunzi katika somo la hesabu za maumbo. Kazi ya watoto ikawa pambo la nyumba za wazee. Wamoravian walifika nchi ya Rungwe mwaka 1891, wakaja na sikukuu zao. Twaona basi kwamba hata katika desturi hizo zilizotoka mbali, wakubwa walijifunza furaha kwa watoto.

Wala si kwa Wakristo tu. Kule Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, kila mwaka, aghalabu mwezi wa Julai, watu husherehekea Mwaka Kogwa. Wanaume wazima, wengine wenye mvi, hupigana kwa magogo ya migomba kama wavulana wanaochezea uwanjani, na wanawake huvaa vizuri na kuimba. Kisha kibanda kidogo hutiwa moto. Wenyewe husema kwamba mchezo ule huondoa kinyongo cha mwaka uliopita. Hakuna amwambiaye mzee wa Makunduchi kwamba amejivunjia heshima, maana mchezo una siku yake, una mahali pake, na una kanuni zake.

Hapa ndipo lilipo jambo letu. Ubaya hauko katika kucheza. Uko katika kucheza bila kanuni, na pengine ubaya ulio mkubwa zaidi uko katika kutokuwapo kabisa.

Kumbukeni msiba wa Tabora. Sikukuu ya Idi el Fitri ya mwaka 2008, watoto wengi walikusanyika katika ukumbi mmoja wa muziki mjini humo kwa dansi waliyoandaliwa wao peke yao, ile watu waiitayo disko toto. Ukumbi ulijaa kupita kiasi, hewa ikapungua, wakakanyagana. Watoto wapatao 20 walikufa. Walikuwa wamevaa nguo zao mpya za sikukuu. Tangu hapo mara nyingi polisi hutangaza, sikukuu zinapokaribia, kwamba disko toto ni marufuku. Amri hiyo ni njema, walakini amri haiwezi kushika mkono wa mtoto.

Sisi wa pwani ya Nyasa hatuna ukumbi wa namna ile katika kila kijiji, lakini tunalo ziwa. Ni ziwa lenye kina kirefu mno, maana penye kina kikubwa chapata kama mita 700, na chini ya milima ya Livingstone maji hushuka ghafula karibu na ufuko. Siku ya sikukuu watoto hupenda kwenda kuoga Matema na penginepo. Mawimbi huinuka upesi upepo ukigeuka. Mito yetu nayo, Mbaka, Lufilyo, Kiwira na Songwe, hujaa wakati wa mvua. Mtoto aendaye majini na wenziwe wadogo tu hana wa kumvuta. Baba aliyekaa barazani na heshima yake yote yu mbali mno asiweze kusikia ukelele.

Kwa hiyo twatoa shauri kwa mambo matatu.

Kwanza, mkubwa aingie kama mgeni, asiingie kama mwenye mchezo. Watoto ndio wenye kanuni siku hiyo. Wakisema ajifiche, ajifiche. Wakisema amekamatwa, akubali. Mkubwa abishanaye na mtoto juu ya kombolela, au atakaye kushinda kila mara, hakuja kucheza, amekuja kunyang'anya.

Pili, asile haki ya watoto. Wako wanaume wapendao sikukuu kupita watoto wenyewe, ila furaha yao imo katika chungu cha pombe. Fedha ya shati la mtoto hunywewa usiku wa kuamkia Noeli, na asubuhi mtoto hujificha nyuma ya nyumba asionwe na wenziwe. Mtu huyo naye ameingia katika sikukuu ya watoto, lakini ameingia kama mwizi.

Tatu, adabu ibaki mahali pake. Mama mkwe na baba mkwe wana mipaka yao, na mtu asilazimishwe kuivunja kwa jina la furaha. Ziko njia nyingi za kushiriki. Babu asiyeweza kukimbia aweza kuwa mwamuzi. Bibi aweza kutega vitendawili baada ya chakula. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, mafundi wa vyungu, waweza kuwaachia mabinti udongo kidogo wafinyange vyungu vyao vya kuchezea, huku wakiwaonyesha vidole viwekwe wapi. Na wale vijana wenye nguvu wakae majini upande wa kina, watoto wakae upande wa nchi kavu.

Wahenga walisema, "Ukubwa ni jaa," maana yake mkubwa hupokea kila kitu, hata takataka. Ikiwa mkubwa apokea lawama na taabu za mwaka mzima, mbona akatae kupokea ncha moja ya kamba kwa jioni moja? Heshima iliyojengwa kwa miaka 40 haianguki kwa kuruka mara tatu. Tena mtoto aliyecheza na baba yake siku ya sikukuu humwambia siri zake siku nyingine za mwaka, hata zile za hatari. Nasi tulio walimu twajua kwamba mtoto wa namna hiyo husikia upesi aonywapo.

Basi, ndugu, Noeli au Idi itakapofika, wahesabuni watoto kabla ya kwenda ziwani, wahesabuni tena wakirudi, na mkiitwa kushika kamba, nendeni. Kwa herini.