Mtu Kwanza, Karatasi Baadaye

Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama wa tawi waliokusanyika kuzungumza juu ya sinema waliyoonyeshwa. Tunayachapa kama yalivyosemwa.



Picha yenyewe mmekwisha kuiona, basi sitawachosha kwa kuisimulia yote. Jina lake ni Transit. Imetengenezwa na Mjerumani Christian Petzold, na ilionyeshwa mara ya kwanza Berlin mwaka 2018. Nimeombwa niseme juu ya jambo lililowatatiza wengi wenu: hii ni vita gani? Watu katika picha wanazungumza habari za majeshi kuingia Paris, na kambi, na misako, mambo ya mwaka 1940. Lakini motokaa ni za siku hizi, polisi wamevaa mavazi ya siku hizi, na bandari ya Marseille ni hii hii ya leo. Wengine mlinong'onezana kwamba mtengenezaji amekosea. Hakukosea, ndugu zangu. Amefanya makusudi, na katika makusudi hayo ndimo ulimo ujumbe wake wote.

Sinema hii imetolewa katika kitabu cha mama mmoja wa Kijerumani aliyejulikana kwa jina la Anna Seghers. Alizaliwa Mainz mwaka 1900, katika nyumba ya Kiyahudi, naye alikuwa mkomunisti. Mtu wa namna hiyo hakuwa na mahali pa kukaa katika Ujerumani ya Hitler. Mwaka 1933 alikimbilia Ufaransa. Mwaka 1940 Hitler akamfuata huko huko. Mumewe alikuwa amefungwa katika kambi ya Le Vernet, naye mama akatoka Paris na watoto wake wawili mpaka Marseille, akaanza kugonga milango ya ofisi. Machi 1941 walipata meli. Walipofika New York walizuiliwa katika kisiwa cha Ellis, wasipewe ruhusa ya kukaa Marekani, wakaendelea mpaka Meksiko, ndiko walikopokewa. Kitabu kilitoka mwaka 1944 kwa Kiingereza na Kihispania. Wajerumani wenyewe walikipata kwa lugha yao mwaka 1948. Basi huyu hakuandika habari za kuambiwa. Foleni ile aliipanga yeye mwenyewe.

Na foleni yenyewe ilikuwa hivi. Ukitaka kuokoka, kwanza upate viza ya nchi itakayokupokea. Ukiisha kuipata, utafute ruhusa ya kupita katika nchi zilizo njiani. Hiyo ndiyo maana ya neno transit. Kisha tikiti ya meli. Kisha ruhusa ya Wafaransa ya kutoka. Kila karatasi ina siku yake ya mwisho. Unapoipata ya tatu, ya kwanza imekwisha kufa, nawe unarudi mkiani. Na lililo ajabu kupita yote ni kwamba mji haukukubali ukae ila kwanza uthibitishe kwamba unaondoka! Mmemwona yule mzee kiongozi wa wanamuziki, aliyekuwa na kazi inayomngoja Caracas. Hakuuawa kwa risasi. Alikufa akiwa bado anangoja.

Sasa mtazameni Georg. Ni kijana fundi, hana cheo, hana fedha. Anaokota karatasi za mwandishi Weidel, aliyejiua hotelini Paris, anazipeleka kwa balozi wa Meksiko, na balozi anamdhania kuwa ndiye Weidel. Siku ile ile milango inaanza kufunguka. Georg aliye hai, mwenye mikono na akili, hakuwa kitu. Weidel aliyekufa alikuwa na viza na fedha za njia. Hapo ndipo penye moyo wa hadithi. Mkimbizi hufanywa mara mbili. Mara ya kwanza humfanya yule amfukuzaye kwa bunduki. Mara ya pili humfanya yule aketiye mezani, asiyemchukia wala kumpenda, anayemwambia kwamba bila karatasi hayupo.

Wala nisiseme kwamba kila aliyekaa mezani alikuwa jiwe. Balozi wa Meksiko pale Marseille katika miaka ile alikuwa Gilberto Bosques, na wakimbizi waliookoka kwa hati za ofisi yake ni maelfu. Wajerumani walipoikalia sehemu ile ya Ufaransa walimkamata, wakamweka kizuizini Ujerumani mpaka mwaka 1944. Muhuri ni ule ule. Kilicho tofauti ni mkono unaoushika.

Ndiyo maana Petzold hakutaka kuwavika watu wake makoti ya zamani. Mtazamaji wa Ulaya akiona makoti yale atalia kidogo, atasema, "Maskini, watu wa zamani walipata taabu," kisha atakwenda nyumbani kulala. Lakini akiona barabara yake mwenyewe, na polisi wake mwenyewe, na Mjerumani mwenzake akijificha mlangoni kama wanavyojificha leo watu waliovuka bahari ya Mediterania, hana pa kuegemea. Atajiuliza: babu yangu alikuwa mmoja wa hawa. Mimi leo niko upande gani wa meza?

Wako watakaosema kwamba picha hii nayo imemweka Mzungu katikati, na yule mama bubu Melissa na mtoto wake Driss, watu wenye asili ya Afrika ya Kaskazini, wamewekwa pembeni. Neno hilo lina haki yake. Wao ndio ambao leo hasa husimama katika foleni ile, na picha haitupi muda mrefu nyumbani mwao. Lakini kumbukeni Georg anaporudi kumuaga mtoto yule aliyemtengenezea redio. Mlango unafunguliwa, na Driss na mama yake wamekwisha kwenda zao. Chumba kimejaa wakimbizi wengine, wanamtazama naye anawatazama. Hakuna anayehutubia. Na kumbukeni mwanamke yule aliyeburutwa hotelini. Wengine wote walisimama wakatazama, hakuna aliyenena, kila mmoja akashukuru moyoni kwamba siye yeye, kisha wakaona haya. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu nzito kuliko hata meli kuzama.

Na sisi tusidhani kwamba habari hii ni ya mbali. Katika vita ile ile, kuanzia mwaka 1942, Wapoland waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na kupelekwa Urusi waliletwa Afrika Mashariki. Walikaa Masindi kule Uganda, na karibu 5,000 walikaa Tengeru, karibu na Arusha. Makaburi yao yako Tengeru hata leo. Mzungu naye amepata kuwa mkimbizi, na udongo uliomhifadhi ulikuwa huu wetu.

Baadaye mataifa yaliandika sheria. Mkataba wa mwaka 1951 ulihusu walioathirika na mambo ya kabla ya mwaka ule tu. Mpaka wa tarehe ukaondolewa mwaka 1967. Waafrika wakakutana Addis Ababa mwaka 1969 wakapanua maana, wakasema kwamba anayekimbia uvamizi, au kutawaliwa na wageni, au machafuko makubwa katika nchi yake, naye ni mkimbizi. Ni kazi ya kujivunia. Lakini sheria nzuri yaweza kufia katika droo ya karani mvivu.

Sisemi karatasi zitupwe. Nchi haiendeshwi bila daftari, na mlinzi wa mpaka ana kazi yake. Nasema juu ya utaratibu wa maswali. Wengi wenu hapa ni makarani, ni wajumbe wa nyumba kumi, ni watu wa vijiji vya mpakani. Mtu akibisha hodi usiku, ulizeni kwanza kama amekula, na kama mtoto anaumwa. Kisha ulizeni jina lake, mliandike kama alivyolitaja yeye, asilazimike kuazima la maiti. Cheti kiulizwe asubuhi.